PS4 imezeeka: uifungie diski gani?

PS4, konsoli ya gemu ya Sony, ilipotoka mwaka 2013 ilikuja na diski ya kuzunguka ya GB 500, na mashine nyingi bado zinajikokota na diski hiyohiyo. Kama yako inakwaruza na gemu zinachukua muda mrefu kufunguka, usikimbilie kununua konsoli nyingine.

Namba moja kwangu ni SSD (diski isiyo na kitu kinachozunguka ndani) ya SATA, yaani aina ya kiunganishi kilichomo kwenye PS4, inchi 2.5, TB 1. Crucial MX500 au Samsung 870 EVO zinafaa, lakini hata ya bei ya chini inatosha. PS4 ya kwanza na Slim zinatumia SATA II, ambayo haivuki MB 300 kwa sekunde, kwa hiyo ukilipia kasi zaidi hutaiona. PS4 Pro ina SATA III, ya kasi zaidi, ila tofauti ukiwa unacheza ni ndogo. SSD za NVMe, zenye kiunganishi kingine, waachie wenye PS5. Humu hazina pa kuchomekwa.

Ya pili ni SSD ya nje, ya USB 3.0. Tangu toleo 4.50 la Machi 2017, PS4 inakubali diski ya nje ya kuanzia GB 250 hadi TB 8. Hufungui skrubu hata moja. Tatizo, mfumo wenyewe na sevu zako (kumbukumbu za ulipofikia kwenye gemu) vinabaki kwenye diski ya ndani, na kama hiyo ndiyo inayokufa, hujatibu kitu.

Diski ya kuzunguka ya TB 2 naiweka ya tatu: nafasi tele, mwendo uleule. Pima unene kabla ya kulipa. Mwisho ni milimita 9.5, na nyingi za zaidi ya TB 2 zina milimita 15. Diski iliyotumika, hata ya bure, siitaki.

Ukiamua kubadili diski ya ndani, sevu zihamishie kwenye flashi kwanza. Kwenye PS4 ya kwanza, sukuma kifuniko kinachong'aa pembeni. Utaona skrubu moja yenye alama za padi. Tafuta bisibisi ya nyota inayokaa sawasawa. Yangu ilikuwa ndogo, nikaila skrubu kichwa, jioni nzima ikapotea. Diski mpya haina mfumo, kwa hiyo pakua faili kamili la mfumo, lile la takriban GB 1, si la sasisho. Kwenye flashi iliyofomatiwa kwa FAT32 au exFAT liweke ndani ya folda UPDATE iliyo ndani ya PS4, kwa herufi kubwa. Padi nayo ichomeke kwa waya, la sivyo mashine haitaiona.