Kung'olewa gego la mwisho, kliniki moja ya Ngara

Nimeng'olewa gego la mwisho la chini hapa Ngara na nawapa nyota nne. Daktari mpole sana, sindano ya ganzi ilishika nikasikia tu kusukumwa. Shida ni vile waliniachilia, niliambiwa niume pamba na nimeze dawa basi, hakuna mtu aliniambia nisitumie mrija kunywa, kumbe kufyonza kunaweza kung'oa donge la damu linaloziba shimo la jino, sasa siku ya tatu lile donge likatoka kwa shimo na aki uchungu ulipanda mpaka sikioni, sikulala. Nilirudi wakaosha shimo wakaweka dawa bila kunilipisha, jioni nikakunywa uji vizuri. Saa hii nasukutua na maji vuguvugu ya chumvi, shavu limeshuka. Tafadhali wapeeni wagonjwa maelezo kwa karatasi.