Nililifuata ua la Usambara hadi Herrenhausen

Mimi ni mtu wa Lushoto. Nilipofika kwa dada yangu Hannover, Ujerumani, nilikuta dirishani kwake kikopo cha maua madogo ya zambarau. Wenyeji wanayaita Usambaraveilchen. Usambara! Kwetu yanaota yenyewe kwenye majabali yenye kivuli na unyevu. Zama za ukoloni, mkuu wa wilaya ya Tanga, Walter von Saint Paul-Illaire, alimpelekea baba yake mimea hiyo, baba akaifikisha kwenye bustani za kifalme za Herrenhausen. Huko, mwaka 1893, mtaalamu wa mimea Hermann Wendland akaipa jina la kisayansi, Saintpaulia. Nikasema hapo sharti nifike.

Ukiwa mjini panda tramu namba 4 au 5, inakushusha mlangoni. Nilianza na Berggarten, bustani ya mimea iliyo upande wa pili wa barabara, ndiko Wendland alikofanyia kazi. Katika nyumba za vioo joto lilinipokea kama la nyumbani, na okidi zilinichelewesha zaidi ya saa nzima.

Kisha nikavuka kwenda Bustani Kuu. Ni kama hekta 50, na kila kitu kimenyooshwa kwa kamba: njia, vitalu vya maua, kuta za miti iliyokatwa sawasawa. Aliyeikuza hivyo ni Sophie, mke wa mtawala wa Hannover. Aliipenda mpaka siku yake ya mwisho, kwani alifia humuhumu akitembea, mvua ikianza kunyesha, Juni 1714, akiwa na miaka 83. Hakujaliwa miezi miwili zaidi. Malkia Anne wa Uingereza alipofariki Agosti, kiti cha ufalme, ambacho Sophie ndiye aliyekuwa mrithi wake, kikaenda kwa mwanawe, George wa Kwanza. Nilikaa kwenye benchi nikimfikiria mama huyo kwa muda mrefu.

Kuhusu maji ya chemchemi za bustani, nisikilizeni. Mtu mmoja njiani aliniambia yanaruka kutwa nzima. Sivyo, yana saa zake, kwa hiyo uliza kabla hujakata tiketi. Mimi niliwahi awamu ya alasiri. Chemchemi Kubwa inarusha maji zaidi ya mita 70, na ukisimama upande unakoelekea upepo utalowa. Mwaka 1720, baada ya majaribio mengi, yalifika takriban mita 35, na watu wa wakati ule walistaajabu. Mwanafalsafa Leibniz, rafiki wa Sophie, ni miongoni mwa waliohangaikia namna ya kuyainua.

Pango la humo bustanini, ambalo msanii Niki de Saint Phalle alilipamba kwa vioo, ni dogo, dakika kumi zinatosha. Kasri la hapo Herrenhausen liliteketea kwa mabomu mwaka 1943, na lililopo lilijengwa upya na kufunguliwa 2013; mimi sikuingia. Chukueni kofia, maana katikati ya bustani hakuna kivuli.

Jioni nilirudi kwa dada nikakimwagilia kile kikopo.