Mifumo ya kiwanda cha samaki: kila mmoja na mwenzake, au huduma za pamoja?

Chukua kiwanda cha minofu ya sangara hapa Mwanza. Kuna mfumo wa kompyuta wa mizani mapokezini, wa chumba cha baridi, wa uhasibu, wa mishahara na wa usafirishaji. Ukiunganisha kila mmoja na mwenzake, mitano tu inadai viungo 10. Ikifika minane, ni 28. Mwanzoni ni rahisi na haraka, sikatai. Shida huanza fundi aliyeviandika akihama: ukibadilisha namba za mawakala wa samaki, mizani inasoma, uhasibu unagoma, na hakuna ajuaye kwa nini.

Njia ya pili ni usanifu wa huduma. "Pokea uzito" au "tafuta wakala" inaandikwa mara moja, kisha mifumo yote inaiita kwa utaratibu uliokubaliwa. GePG, mfumo wa malipo ya serikali, unafanana na hilo: taasisi nyingi, mlango mmoja. Ila mlango ukilala, wote mmelala.

Ramani ya usanifu wa taasisi nzima, yaani mchoro wa mifumo yote na inavyohusiana, aina aliyoichapisha mtaalamu wa mifumo John Zachman mwaka 1987, husaidia, ingawa nyingi huishia kubandikwa ukutani. Mifumo mitatu ningeiunganisha moja kwa moja. Ikizidi mitano, ningeanza na huduma ya mawakala.