Berlin kutoka juu: mnara au kuba?

Mimi na rafiki yangu tulitaka kuiona Berlin kutoka juu, na mfukoni hatukuwa na pesa nyingi. Njia zilikuwa mbili.

Fernsehturm, mnara wa televisheni pale Alexanderplatz, ulifunguliwa 1969 enzi za Ujerumani Mashariki. Una urefu wa mita 368, na lifti hukupandisha hadi mita 203. Ila kiingilio ni cha kulipia; kwa watu wawili, pesa hiyo ingetulisha siku nzima.

Kuba la kioo juu ya Reichstag, jengo la Bunge, ni kazi ya msanifu Norman Foster. Hulipi chochote: unajiandikisha mapema mtandaoni, kisha unakwenda na pasipoti. Si juu kama mnara, kweli. Lakini unapanda kwa miguu, polepole, njia inayozunguka ndani ya kioo, na ukiinama unaona ukumbi wa wabunge chini yako. Wananchi juu, wawakilishi wao chini! Jambo hilo lilinigusa mno. Na mnara wenyewe unauona ukiwa hapo hapo.

Asiyejiandikisha mapema apande mnara. Sisi tulichagua kuba, kisha tukapanda basi namba 100, la kawaida la abiria, hadi Alexanderplatz.