Windows na Linux Mint kwenye laptopu moja: uzoefu wangu wa steshenari, Mwanga Kigoma

Nina steshenari ndogo hapa Mwanga, Kigoma. Kazi ni zilezile za kila steshenari: barua za maombi ya kazi, kopi, kuprinti, picha za pasipoti, kadi za michango ya harusi. Laptopu yangu ni HP EliteBook 840 G3 niliyoinunua ikiwa imeshatumika, RAM GB 8, diski ya SSD GB 256. Ni miezi mitano sasa inawaka na mifumo miwili ya kuendeshea kompyuta, Windows 10 na Linux Mint, ambao ni wa bure, na wenzangu wa kazi hii wamekuwa wakiniuliza kama inafaa au nimejitafutia maradhi.

Kilichonisukuma ni flashi za wateja. Aliyewahi kukaa kaunta ya steshenari ananielewa. Mtu anakuja na flashi iliyozunguka kompyuta zote za ofisi yao, unaichomeka, folda zote zimegeuka shotikati. Ukibofya moja tu kwa bahati mbaya, umeshaambukizwa, na kila flashi itakayofuata siku hiyo inaondoka na zawadi. Kwa mwaka mmoja nilipigiwa window, yaani kusakinishiwa Windows upya, mara nne. Kila mara elfu ishirini ya fundi, na kila mara naanza upya kuunganisha printa na kutafuta fonti zangu.

Halafu msaada wa Windows 10 ukaisha tarehe 14 Oktoba 2025. Laptopu yangu ina prosesa ya Intel kizazi cha 6, na Windows 11 inataka kuanzia cha 8. Fundi mmoja akaniambia, "Dada, niachie, naipiga 11 kwa nguvu, haitajua." Sikuipenda hiyo haitajua. Mashine yenyewe nzima, kibodi nzima, kioo kizima, niitupe kwa sababu ya umri? Na sisi watu wa Kigoma tuna meli ya Liemba pale ziwani: ilizamishwa 1916, ikainuliwa 1924, ikarudi kazini 1927, na baadaye ikatolewa injini ya mvuke ikafungwa ya dizeli. Chombo cha zamani kubadilishiwa moyo si habari ngeni kwetu.

Nikaamua Mint iingie, maana virusi hivyo vya Windows havifanyi kazi humo, ila Windows ibaki, kwa sababu kadi za harusi zangu zote ziko kwenye Publisher, programu ya Microsoft ya kupangia kadi.

Sehemu iliyonila muda si Linux, ni kupata nafasi. Kwanza nilihamishia kazi zote kwenye diski ya nje, na hilo sitaki ubishi, fanya kabla hujagusa kitu. Kisha nikaingia sehemu ya kusimamia diski ndani ya Windows nipunguze C, sehemu ya diski inayokaa Windows. Nina GB 140 tupu kabisa, nayo inaniambia naweza kukata GB 19 tu. Nikadhani diski mbovu. Kumbe kuna mafaili ya mfumo yanakaa katikati ya diski na Windows haikubali kuyasogeza: faili la kulaza kompyuta, faili la kumbukumbu ya ziada, na zile pointi za kurudisha mfumo nyuma. Nikafungua dirisha la amri kama msimamizi nikaandika powercfg /h off, nikazima na hayo mengine mawili kwa muda, nikawasha upya. Nafasi ikaruka, nikakata GB 80. Amri hiyo pia inaondoa ule uwashaji wa haraka wa Windows, na ni lazima uondoke. Ukiuacha, Windows haizimiki kabisa, inasinzia tu, na ukiwa Linux utaona mafaili ya upande wa pili bila uwezo wa kuyabadilisha.

Mint yenyewe nilichukua toleo la 22 la Xfce, lile jepesi. Faili lake ni karibu GB 3, nililipakua usiku kwa bando la usiku, nikalichoma kwenye flashi ya GB 8 kwa programu ya Rufus. Kwenye HP unabonyeza F9 wakati inawaka, unachagua flashi, na Mint inafunguka palepale bila kusakinisha chochote. Hapo usiwe na haraka. Nilikaa karibu saa nzima najaribu: Wi-Fi inashika, sauti ipo, mwanga wa kioo unapanda na kushuka, printa inatoa karatasi. Printa yangu ni Epson ya tanki, ilionekana yenyewe bila CD wala dereva wa kupakua. Kwa kweli hapo ndipo moyo ulipotulia.

Usakinishaji ni maswali machache, na moja ndilo la hatari: uweke kando ya Windows, au ufute diski yote. Yamekaa jirani kabisa kwenye skrini. Nilisoma mara tatu, kidole kinatetemeka. Ikaanza kunakili, na katikati ya kunakili umeme ukakatika. Betri yangu ya mtumba hukaa kama dakika arobaini, kazi ilichukua ishirini na kitu, nikapona. Chaji betri ijae kabla ya kuanza, hasa kama yako ni ya kufa baada ya dakika kumi.

Ukiwasha sasa inakuja orodha nyeusi yenye majina ya mifumo yote miwili. Inakusubiri sekunde kumi, usipochagua inaingia Mint.

Kituko cha kwanza kilikuwa saa. Nimetoka Mint nimeingia Windows saa nane mchana, saa ya kompyuta inasema saa tano asubuhi. Nairekebisha, kesho yake imerudi nyuma tena saa tatu kamili. Sababu ni kwamba Linux inaiwekea mashine saa ya dunia, UTC, kisha inajiongezea tatu za kwetu inapokuonyesha, wakati Windows inaisoma saa ya mashine ikidhani ndiyo ya hapa. Ukiwa Mint andika mara moja timedatectl set-local-rtc 1, ugomvi umeisha.

Sasa zile flashi. Wiki ya kwanza alikuja mwalimu mmoja mtu mzima, amepauka. Mitihani ya darasa zima iko kwenye flashi na flashi inaonyesha shotikati moja tu. Nikamwambia, "Shikamoo mwalimu, kaa kwanza." Nikaichomeka upande wa Mint. Shotikati ipo, na pembeni yake kuna folda haina jina, nafasi tupu tu. Virusi hivi huyahamishia mafaili humo kisha vinaificha folda. Windows inatii alama ya kuficha, Linux haijali. Nikafungua, mitihani yote ndani. Akataka kunilipa kama fundi, nikamtoza ya kuprinti. Siku hizi ananiletea walimu wengine.

Kasoro zipo, na mojawapo ni kubwa kwa mtu wa biashara. Mifumo miwili haifanyi kazi kwa pamoja. Ukiwa Mint akatokea mtu wa kadi ya harusi, uhifadhi, uzime, uwashe, uchague, usubiri, naye amesimama kaunta anakuangalia kama vile kompyuta imekushinda. Wiki mbili za mwanzo nilikuwa naruka huku na huku mara sita kwa siku mpaka nikajuta. Nilichofanya ni kuchagua nyumbani ni wapi. Mchana kutwa ni Mint. Kadi zinaandikwa kwenye daftari, nafungua Windows jioni nikishafunga mlango, nazitengeneza zote kwa pamoja. Mwenye haraka namwambia kesho asubuhi, na karibu wote wanakubali.

Kasoro nyingine ni fonti. Barua iliyoandikwa kwa Calibri ukiifungua kwenye LibreOffice, programu ya ofisi ya upande wa Mint, inavaa fonti ya Carlito, ambayo vipimo vyake vinafanana, kwa hiyo mistari haihami sana. Lakini CV zenye majedwali na mapambo zinavurugika, sahihi inaangukia ukurasa wa pili. Kwa hizo namwomba mteja anitumie PDF, au inasubiri jioni.

Na tahadhari moja ambayo haikunikuta mimi. Jirani yangu aliniiga kwenye laptopu yake mpya ya Windows 11. Alipomaliza na kurudi Windows, ikamdai ufunguo wa BitLocker, kufuli la diski la Windows, tarakimu 48. Hakuwa anajua hata kama diski yake imefungwa. Ufunguo ulikuwepo kwenye akaunti yake ya Microsoft, ila nenosiri la akaunti aliliweka kijana wa dukani siku aliyonunua, akasahau kulichukua. Siku tatu za simu. Uangalie mapema, uuandike kwenye karatasi.

Naipa nne kati ya tano. Ile moja nimeikata kwa ajili ya kuzima na kuwasha. Tangu niweke sijapigiwa window hata mara moja, na ile elfu ishirini sasa inanunua wino.

Publisher nayo Microsoft wameshatangaza kuiacha Oktoba 2026. Nimeanza kufungua kadi zangu za zamani kwenye Draw ya LibreOffice. Maandishi yanakuja, maua ya pembeni yanakuja nusu. Jana nilikuwa naipanga upya kadi moja ya kitchen party, mteja akachungulia akauliza hii nembo ya kijani ya Mint ni ya nini. Nikamjibu mint ni mnanaa. Akasema basi na bei iwe ya mnanaa.