Room ya Emma Donoghue: wametoroka, na kitabu bado kimebaki nusu

Kosa langu la kwanza lilikuwa kuianza saa nne usiku huku nikijua asubuhi nina kazi. Filamu yake ya 2015 nilishaiona, kwa hiyo nilijua kabisa kinachokuja. Haikunisaidia kitu, moyo ulidunda vilevile.

Riwaya yenyewe ilitoka 2010 na mwaka huohuo ikaingia orodha fupi ya Booker, tuzo kubwa ya riwaya za Kiingereza. Msimulizi ni Jack, anayetimiza miaka mitano siku hadithi inapoanza. Anaishi na mama yake katika chumba cha futi 11 kwa 11, dirisha moja tu la paani, mlango unaofunguka kwa namba za siri. Mama alitekwa akiwa na miaka 19, na sasa ni mwaka wa saba. Jack hayajui hayo. Kwake dunia ndiyo hicho chumba, na vilivyomo ni jamaa zake: Zulia, Kabati, Taa. Anavitaja kama watu wanavyotajwa. Nilisoma kwa Kiingereza, lakini kichwani ngeli zilinivurugika nikawa nasema Zulia amelala, Kabati ananificha. Mwalimu wangu wa sarufi angenichapa, ila mtoto huyu ndivyo angesema.

Mtekaji akija usiku, Jack hulazwa kabatini. Humo huhesabu kitanda kinavyolia. Anahesabu tu, kama mtoto yeyote anavyohesabu chochote. Hofu yote mwandishi amemwachia msomaji, mtoto amemwachia namba.

Nikiri kwamba kurasa za mwanzo zilinichosha. Lugha ya kitoto ikizidi inakera, na kuna michezo yao ya kila siku niliyoirukaruka. Mmoja ni wa kupanda juu ya meza na kupiga kelele kwa nguvu zote kuelekea dirisha la paani, kila siku isipokuwa Jumamosi na Jumapili. Nilikuwa nimeshapita kurasa kadhaa ndipo nikashtuka: huo si mchezo, mama anaomba msaada. Nikarudi nyuma kusoma kila neno nililoliruka.

Kuanzia hapa nafichua mambo, kwa hiyo asiyetaka kujua aishie hapa.

Siku mama anapoamua kumweleza ukweli, kwamba nje kuna watu na miti na bahari, na si picha za runinga tu, Jack anakataa. Anamwona mama ni mwongo. Na ili watoroke, mtoto huyohuyo ndiye anayetakiwa kujifanya maiti, aviringishwe ndani ya zulia, abebwe na mtu anayemwogopa kuliko wote, apelekwe mahali ambapo hana hakika kama papo. Amebeba jino bovu la mama yake lililong'oka, amelificha kwenye soksi. Sehemu hiyo niliisoma nimesimama katikati ya chumba. Nilikuwa nimeinuka kuzima taa, nikasahau.

Wakishaokoka, kitabu kinabaki karibu nusu, na wasomaji wengi hulalamika kwamba hapo mwendo unapoa. Mimi naona mashaka ndiyo kwanza yanaanza, ila yamehama kutoka mlangoni yakaingia ndani ya watu. Jack hajawahi kupanda ngazi. Viatu vinamshinda, jua linamuunguza, watu wanapita karibu mno naye. Anataka kurudi chumbani! Babu yake mzazi hawezi hata kumtazama. Halafu mama anahojiwa kwenye runinga, na mtangazaji anamuuliza kama hakuwahi kufikiria kumwomba mtekaji amchukue mtoto akiwa mchanga, akamwache hospitali. Yaani mwanamke aliyemlea mtoto kwenye jela akamfundisha kusoma na kuhesabu anaulizwa kwa nini hakumtoa. Nilikifunga kitabu siku mbili. Kinachompata mama baada ya hapo sikisemi.

Nilichokipenda ni kwamba imani hairudi kwa hotuba. Bibi anamkosea Jack mara kwa mara, anakasirika, anajuta, anajaribu tena. Mama anajifunza upya kuamini watu, mtoto anajifunza kwa mara ya kwanza kumwamini mtu asiye mama yake, na hawaendi kwa kasi moja. Mmoja akipiga hatua, mwingine anarudi nyuma, na wanaumizana humohumo ingawa wanapendana kufa.

Wanaonipunguzia utamu ni madaktari wa kliniki wanakotunzwa baada ya kuokoka. Wanaeleza mno, utadhani mwandishi hakutuamini kwamba tumeelewa. Mtekaji naye anabaki kivuli hadi mwisho, lakini hilo halikunisumbua, sikutaka kumjua.

Kama umewahi kupitia ukatili wa aina hii, isome taratibu na mtu wa karibu akijua unaisoma. Matukio mabaya hayaonyeshwi waziwazi, ila ule mlio wa kitanda utakaa nao. Mimi bado ninao.

Nimemkopesha dada yangu nakala yangu. Jana usiku amenitumia ujumbe saa saba: amefika kwenye zulia, anataka kujua mtoto anatoka au hatoki. Sijamjibu.