Uzoefu wangu: fundi wa Temeke aliyefufua TV ya chogo ya mama

TV ya mama ni chogo la inchi 21, ipo sebuleni tangu kabla mitambo ya analojia haijazimwa Dar mwishoni mwa 2012. Mwezi uliopita picha ilikatika, ukabaki mstari mmoja mweupe katikati ya kioo. Fundi wa kwanza aliifungua mgongo ikiwa bado kwenye umeme, akaingiza mkono, akasema, "Tyubu ya picha imekufa, nunueni flati." Akachukua 10,000 yake akaondoka.

Wa pili nilielekezwa na jirani, ana kibanda Temeke. Kabla hajagusa chochote alichomoa waya ukutani. Akachukua bisibisi ndefu ya mpini wa plastiki, akaifungia waya, ncha ya pili akaibana kwenye ule waya mtupu uliosukwa kuzunguka mgongo wa tyubu. Mkono wa kushoto akautia mfukoni. Kisha akaipenyeza bisibisi chini ya kile kifuniko cha mpira chenye waya mnene mwekundu. "Ta!" Cheche ya buluu. Nilishtuka kwelikweli.

"Dada, ikiwaka hapa panapita volti kama 25,000, na kioo kinatunza chaji hata ukichomoa." Akasubiri dakika chache, akarudia, maana chaji kidogo hujirudisha yenyewe. Halafu akapima kwa mita ile kapasita kubwa (kifaa kinachotunza chaji) ya upande wa umeme wa ukutani, ambayo nayo hubeba volti zaidi ya 300. Nikamkumbuka yule wa kwanza na mkono wake ndani, mwili ukanisisimka.

Tyubu ilikuwa nzima. "Ingekufa, huo mstari usingeuona." Alinionyesha kwa lenzi IC, kile kidude cheusi chenye miguu mingi, inayotandaza picha juu na chini: risasi ya kulehemu ilikuwa imepasuka kuzunguka miguu yake, kiduara chembamba kama unywele. Akalehemu upya, akabadilisha kapasita mbili zilizokauka, akaiwasha TV kwanza kupitia balbu ya wati 100 aliyoiunga kwenye njia ya umeme wake. Balbu iliwaka kwa nguvu, ikafifia, picha ikajaa kioo. Ingebaki inawaka vile vile, alisema, kungekuwa na shoti.

Amenitoza 30,000 pamoja na vifaa, na kwangu ni haki yake. Nisichopenda: aliahidi siku moja zikawa nne, na simu hapokei. Mpelekee mwenyewe, ukae pale.

Vumbi alilitoa kwa brashi kavu, polepole sana karibu na shingo ya tyubu, kioo chembamba ambacho kikipata ufa tu hewa inaingia na tyubu imekwisha. Akaniambia pia kuwa nilikosea kuiacha siku mbili ikiwaka na ule mstari, kwani unaunguza kioo kwa ndani, ukiuona, zima. Na kile kitambaa cha kufuma cha mama kilikuwa kimeziba matundu ya joto. Mama amekitoa mwenyewe, king'amuzi nacho amekihamishia kwenye stuli.